Je, wajua kwa nini mcheza dansi ya mraba hajui hatua inayofuata?

Ukitazama dansi ya mraba ya Wamarekani kwa mara ya kwanza, utaona watu wanane wakipishana, wakishikana mikono na kuachana bila kugongana, huku mtu mmoja mwenye maikrofoni akiwaimbia maneno ya harakaharaka. Ni rahisi kuamini kwamba wanane hao wameufanyia mazoezi wimbo huo mpaka wakaukariri, na kwamba mwenye maikrofoni anawakumbusha tu. Wengi huamini hivyo, ndiyo maana husemwa kuwa dansi hii hunoa akili kwa sababu ina hatua nyingi za kukumbuka.

Sivyo ilivyo. Katika mtindo wa kisasa, ule unaochezwa kwenye klabu za Marekani, Ujerumani, Japani na kwingineko, wachezaji hawajui kabisa kitakachofuata. Walichojifunza ni msamiati wa miito, yaani maagizo mafupi ambayo kila moja lina mwendo wake. Anayeitamka ni mwitaji, yule mwenye maikrofoni. Callerlab, chama cha kimataifa cha waitaji kilichoanza miaka ya 1970, kimeipanga miito hiyo kwa ngazi. Ngazi ya kuanzia ina miito 50, na ukipanda ngazi inaongezeka. Lakini mpangilio wake, yaani mwito upi utangulie na upi ufuate, uko kichwani mwa mwitaji, na mara nyingi anautunga pale pale huku akiangalia nani yuko wapi. Akiona wachezaji wameanza kubashiri, anabadilisha makusudi.

Tofauti hiyo ni kubwa. Anayekariri hujibu swali moja tu: baada ya hii inakuja ipi? Mcheza dansi ya mraba hujibu maswali matatu ndani ya sekunde moja au mbili: mwito unasemaje, mimi niko nafasi gani sasa hivi, na kutoka hapa unanitaka niende wapi? Zipo dansi za mraba za kienyeji, hasa za milima ya Appalachia, mashariki mwa Marekani, ambazo hurudia mtindo uleule kila jozi inapopata zamu. Huko kumbukumbu inasaidia zaidi. Hata katika mtindo wa kisasa, sehemu ya kuimba, mwitaji anapoingiza miito ndani ya wimbo, huwa na mpangilio unaorudiwa. Sehemu isiyo ya kuimba, ambayo kwa kawaida ndiyo hutangulia, haina huruma hiyo.

Chukua mwito mmoja, Square Thru Four. Miito huitwa kwa Kiingereza popote duniani, hata Tokyo. Jozi nne zimesimama pande nne za mraba, nyuso ndani, mwanamume kushoto na mwanamke kulia, ingawa siku hizi nafasi hizo huchezwa na yeyote. Jozi ya kwanza ndiyo iliyompa mgongo mwitaji. Hesabu inaendelea kuelekea kulia kwa jozi hiyo. Jozi ya kwanza na ya tatu zinaposogea katikati, kila mtu humpa aliye mbele yake mkono wa kulia, wakapishana, kisha akageuka robo kumwelekea mwenzi wake. Mkono wa kushoto kwa mwenzi, wakapishana, robo tena. Kulia tena, robo. Kushoto tena, wakapishana, na hapo hapo wanasimama bila kugeuka.

Kosa la wanafunzi karibu wote liko hapo mwishoni. Mwili umeshazoea kupishana na kugeuka, kupishana na kugeuka, basi baada ya mkono wa nne unageuka tena wenyewe. Aliyepaswa kutazamana na jirani wa kona, yaani mtu wa jozi ya pembeni aliye karibu naye upande usio wa mwenzi wake, sasa amempa bega. Mwito unaofuata unamkuta hana mtu mbele yake. Isitoshe, robo ya kwanza ya mwanamume huwa ya kulia na ya mwenzi wake huwa ya kushoto, kwa hiyo kukariri “geuka kulia” hakumfikishi mtu mbali. Inabidi ajipime kwa watu waliomzunguka, na watu wenyewe wanatembea.

Mfikirie dereva mgeni wa mji anayeelekezwa njia na abiria aliyekaa kando yake. Akiambiwa kona wakati ameshaifikia, ameipita. Akitajiwa kona nne kwa pamoja, ya tatu imeshamtoka. Abiria mzuri husema dereva anapokaribia kumaliza kona iliyopo, basi gari halisimami na dereva hapotei. Mwitaji hufanya kazi hiyo hiyo kwa magari manane kwa pamoja, kila moja likielekea kwake: hutamka mwito mpya midundo michache kabla ule wa zamani haujaisha. Kwa hiyo mchezaji anatekeleza mwito mmoja kwa miguu huku masikio yakipokea mwingine. Akikaa kuusifu ule alioupatia, amekosa unaokuja. Uwezo huo wa kufanya jambo moja huku ukipokea jingine ni miongoni mwa mambo yanayopungua kadiri umri unavyosogea.

Je, kuna ushahidi kuwa mazoezi hayo hufika kwenye ubongo? Upo, ila ni mwembamba. Mwaka 2017 watafiti wa Magdeburg, Ujerumani, walichapisha matokeo ya wazee wa miaka 63 hadi 80 waliofuatiliwa kwa miezi 18. Kundi moja lilifanya mazoezi ya kawaida ya viungo, jingine lilifundishwa dansi zilizobadilishwabadilishwa kila mara, ya mraba ikiwemo. Hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu na kujua uko wapi, iliongezeka ukubwa kwa makundi yote mawili. Waliopata nafuu ya wazi katika kujimudu wasianguke ni wale wa dansi. Lakini waliofika mwisho walikuwa 26 tu kwa jumla, na dansi ya mraba ilichanganywa na nyingine, hivyo haiwezi kupewa sifa zote.

Namba inayosambazwa zaidi mitandaoni ni kwamba dansi hupunguza hatari ya ugonjwa wa kusahau kwa asilimia 76. Inatokana na utafiti wa mwaka 2003 wa watu 469 wa Bronx, New York, wenye umri wa zaidi ya miaka 75. Hawakupangiwa kucheza wala kutocheza. Waliulizwa tu desturi zao, kisha wakafuatiliwa. Huenda walioanza kudhoofika kichwani ndio waliokuwa wameshaacha dansi. Anayeitaja namba hiyo kama ahadi ya daktari anapotosha.

Kwa mwili, hesabu ni nyepesi. Muziki huenda kwa midundo 120 hadi 128 kwa dakika, hatua moja kwa mdundo. Dakika kumi ni takriban hatua 1,250. Hatua sahihi ni ya kuteleza, uzito ukiwa mbele ya unyayo, bila kurukaruka. Ndiyo maana wenye magoti ya kizee huimudu. Wanaoumia ni wale wanaovaa raba zinazong’ang’ania sakafu, mwili ukageuka na goti likabaki, au wanaocheza kwenye zege tupu jioni nzima. Wengine hukaba mkono wa mwenzao kwa kidole gumba na kumvuta bega. Anayepata kizunguzungu wakati wa kuzungushana amtazame mwenzi usoni, asitazame sakafu.

Historia yake ni ndefu: dansi za vijijini Uingereza, kwadrili za Ufaransa, yaani dansi za jozi nne katika mraba, na wapiga fidla Weusi wa Marekani, wengi wao watumwa, ambao ni miongoni mwa waitaji wa mwanzo kabisa wanaojulikana. Jirani zetu wa Shelisheli nao wana kontredansi iliyotokana na Wafaransa, na yenye mwitaji wake.

Faida ya kijamii inatokana na kanuni moja kali: mraba haukamiliki kwa watu saba. Kila raundi unacheza na wote, mwenzi wako na wageni, na muziki ukiisha wanane hushukuriana. Mmoja akikosea, wote wanane wanaweza kukwama ndani ya sekunde chache. Kanuni inasema usimburute aliyepotea wala usimfokee. Nyosha mkono anaopaswa kuupokea ili auone. Ikishindikana, wanane hujipanga mistari miwili ya watu wanne wanne inayotazamana, kila mwanamume akiwa na mwanamke kuliani kwake, na kusubiri. Mwitaji ameshawaona kutoka jukwaani. Ataipeleka miraba mingine kwenye mistari ya namna hiyo hiyo, aite wote waende mbele na kurudi nyuma, na waliokwama waingie hapo hapo pamoja na wenzao.