Je, wajua kwa nini rangi ya mafuta haikauki kama nguo kwenye kamba?

Mtajie fundi rangi wa mtaani kwako "rangi ya maji" na "rangi ya mafuta". Atajua mara moja: ya maji ni ya ukutani, ya mafuta ni ya milango na mageti. Atakuonya pia kwamba ukuta utakuwa tayari baada ya saa chache, lakini geti usiliguse mpaka kesho. Wachoraji wa picha nao wana rangi za majina hayohayo, ila wao subira yao hupimwa zaidi. Picha ya rangi ya maji hukauka chai ikiwa haijapoa. Ya mafuta inaweza kukuchafua kidole hata wiki ikiwa imepita.

Wengi hudhani sababu ni kwamba maji hukauka haraka na mafuta hukauka polepole. Hapana. Mafuta hayakauki kabisa, si kwa maana ya nguo kukauka kwenye kamba.

Nguo ikikauka, maji yameondoka yakaenda hewani. Mafuta ya mchoraji hayaendi popote. Mengi ni mafuta ya mbegu za kitani, na yakishapakwa kwenye kanvasi yanaanza kuvuta oksijeni kutoka hewani. Chembe zake ni kama minyororo mirefu yenye sehemu dhaifu hapa na pale, na oksijeni huingia kwenye sehemu hizo na kuunganisha mnyororo huu na ule, mpaka kila kitu kimeshikana kuwa wavu mmoja mgumu. Kwa hiyo picha ya mafuta "inapokauka" huwa inaongezeka uzito badala ya kupungua.

Ushahidi unao jikoni. Tazama upande wa nje wa karai la siku nyingi, ule utando wa kahawia unaonata, usiotoka kwa sabuni wala kwa kusugua. Hayo ni mafuta ya kupikia yaliyoshikana kwa joto na hewa. Au fungua kopo la rangi ya geti lililobaki tangu mwaka jana: juu kuna ngozi, ukiitoboa kwa kijiti chini unakuta rangi mbichi kabisa. Ngozi imeota pale tu hewa ilipogusa.

Ndiyo maana pia mafuta ya nazi hayafai kazi hii, hata kama yanapatikana kwa wingi pwani yetu. Minyororo yake haina sehemu dhaifu za kutosha za oksijeni kujishikiza. Paka picha kwa mafuta ya nazi leo, mjukuu wako ataikuta bado inateleza. Wazungu walibaki na kitani, jozi na mbegu za mpopi si kwa mapenzi, bali kwa kuwa hayo ndiyo mafuta yanayogeuka kuwa kitu kigumu.

Rangi ya maji ni hadithi nyingine. Huo ni unga wa rangi uliochanganywa na gundi ya mgunga, ile inayotoka kwenye gome la miti ya nchi kavu; Sudan ndiyo inayotoa nyingi kuliko nchi yoyote, na huko Turkana na Samburu pia watu huikusanya. Mchoraji analowesha brashi, anapaka, maji yanapaa, gundi inashikiza unga kwenye karatasi. Basi. Ukirudisha maji, rangi inaamka tena, na hilo halitokei kamwe kwa ya mafuta.

Lakini maji hayaondoki kimyakimya. Mwaga tone la kahawa mezani uliache: litaacha pete, ukingo mweusi na katikati peupe. Mwaka 1997 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walieleza sababu. Ukingo wa tone hupoteza maji haraka kuliko katikati, kwa hiyo maji ya katikati hukimbilia ukingoni kujaza pengo, yakibeba vumbi la kahawa njiani. Kwenye picha ya rangi ya maji jambo hilohilo ndilo linalochora ule mstari mwembamba mzito pembeni ya kila doa, mstari ambao hakuna brashi iliyoupitisha. Mchoraji mzuri wa miti na mawingu huutumia kama ukingo wa jani.

Tena, rangi ikikauka hupauka. Hili huwakera wanaoanza: umechanganya kijani cha kuvutia cha mgomba, dakika kumi baadaye kimekuwa cha mgomba wa kiangazi. Fikiria kanga. Ikiwa imelowa huonekana nzito na yenye giza. Ikikauka inarudi kuwa nyepesi. Maji yakiwa katikati ya nyuzi, mwanga hupenya ndani. Hewa ikichukua nafasi yake, mwanga hutawanyika na kurudi machoni pako ukiwa mweupe zaidi. Unga wa rangi kwenye karatasi ni vivyo hivyo. Kwenye picha ya mafuta maji hayapo wala hewa haiingii, mafuta yenyewe yamebaki pale yakiwa magumu, na kwa hiyo rangi hubaki na kina chake kama kanga isiyokauka.

Sasa mweke mtu mbele ya mandhari ya asili. Ukungu juu ya mto, jua linachomoza, na ndani ya robo saa kila kitu kimebadilika. Achukue ipi? Ya maji ina kasi lakini haisamehe. Nyeupe yake ni karatasi yenyewe, na ukishaifunika umeifunika. Ya mafuta inasamehe, unaweza kukwangua na kupaka upya, lakini jua halikusubiri. Wachoraji wengi walichagua upande mmoja wakaishi humo. Kuna mmoja alikataa kuchagua, na kwangu mimi hakuna aliyezijua tabia za rangi hizi mbili kumzidi: J. M. W. Turner, Mwingereza aliyezaliwa London mwaka 1775, mtoto wa kinyozi.

Wakati wake rangi ya maji ilihesabiwa kuwa mdogo wake rangi ya mafuta, kitu cha kuchorea ramani na majumba ya matajiri. Turner aliichapa kama mfinyanzi anavyochapa udongo. Mwaka 1818 alikuwa mgeni katika nyumba ya rafiki yake Walter Fawkes, Farnley, kaskazini mwa Uingereza. Wakati wa chai ya asubuhi wakamwomba achore kitu cha kuonyesha ukubwa wa meli ya kivita. Kijana wa nyumba ile alikaa karibu akimwangalia, na simulizi yake ndiyo iliyotufikia. Turner alimimina rangi mbichi kwenye karatasi mpaka ikanywa na kutota. Kisha akaanza kuichana, kuikwangua na kuisugua kama mwenye wazimu. Kilichokuwepo ni vurugu tupu. Halafu, kidogokidogo, meli ikaanza kutokea, kamba zake, mawimbi, mashua ndogo ubavuni. Kabla ya chakula cha mchana ilikuwa imekwisha. Picha ile bado ipo, na haizidi upana wa sentimita 40.

Mahali alipotaka povu la mawimbi alikwangua rangi kwa ukucha wa kidole gumba mpaka karatasi nyeupe ikatokea chini, na husimuliwa kwamba ukucha huo aliufuga makusudi kwa kazi hiyo. Kuna aliyemwona akiwa na mbao nne, kila moja imefungiwa mpini nyuma, karatasi imetandazwa mbele: anazamisha ubao kwenye maji, anadondoshea rangi karatasi ikiwa bado imelowa ili zikimbiliane zenyewe, anauweka kando unywe, anachukua mwingine. Hapo hakuna kusubiri.

(Mimi nilijaribu mchezo huo Tanga mwezi wa Aprili, katikati ya masika. Karatasi ilikaa mbichi tangu asubuhi mpaka karibu na adhuhuri na rangi zote zikageuka matope. Baadaye nikajaribu Dodoma, na huko ilikauka kabla sijarudisha brashi kwenye kikombe. Anayesema rangi ya maji ina kasi moja hajawahi kuhama mkoa.)

Cha ajabu ni kwamba Turner hakupaka sana rangi akiwa nje. Alijaribu: miaka ya mwanzo alichora kwa mafuta kando ya mto Thames, na mwaka 1813 kule Devon. Lakini alipofika Italia mwaka 1819 alimwambia mwenzake kwamba kwa muda wa kuchora picha moja yenye rangi angeweza kuchora 15 au 16 za penseli. Akarudi na madaftari yamejaa mistari, rangi akaipaka nyumbani kutoka kichwani. Kwa hiyo zile asubuhi za ukungu zinazotufanya tusikie baridi, nyingi zilipakwa chumbani.

Hatua yake kubwa, kwa maoni yangu, ilikuwa kuvusha tabia za rangi ya maji kwenda kwenye mafuta. Wachoraji wa mafuta wa enzi zake walianza na kanvasi iliyopakwa kahawia, wakipanda kutoka gizani kuelekea kwenye mwanga. Turner akapaka kanvasi nyeupe, kama karatasi, kisha akatandaza juu yake mafuta mepesi kama maji, mwanga upenye, ugonge ule weupe wa chini na kurudi. Wakosoaji walikasirika wakamwita yeye na waliomfuata "wachoraji weupe", na si kwa ngozi zao. Mwaka 1842 alipoonyesha picha ya meli ya moshi ndani ya dhoruba ya theluji, ikaelezwa kuwa ni povu la sabuni na chokaa.

Itazame Norham Castle, Sunrise (ngome ya Norham jua likichomoza), ya mwaka 1845 hivi, iliyopo jumba la sanaa la Tate, London. Ngome ile aliiona mara ya kwanza mwaka 1797 na akairudia maisha yake yote kwa rangi ya maji. Safari hii ni mafuta, lakini usipoambiwa utaapa ni karatasi. Ngome ni kivuli cha buluu, mto ni njano iliyofifia, na ng'ombe mmoja majini, doa la kahawia tu lenye pembe. Hakuwahi kuionyesha hadharani akiwa hai.

Kasi nayo akaitaka kwenye mafuta. Bunge la Uingereza liliungua usiku wa tarehe 16 Oktoba 1834. Mwaka uliofuata Turner alipeleka kwenye maonyesho kanvasi ya moto huo ambayo, kwa walioiona, ilikuwa karibu haina kitu, akaimalizia ikiwa imeshatundikwa ukutani, amesimama na kisanduku kidogo cha rangi, wenzake wakimtazama. Aliyeshuhudia alisema hakurudi nyuma hata mara moja kuiangalia kazi yake. Alipomaliza alifunga kisanduku akaondoka.

Haraka hiyo ina gharama. Kanuni ya mafuta ni kwamba tabaka la juu lisigande kabla ya la chini, maana la chini likiendelea kujongea, la juu hupasuka, kama tope la bwawa lililokauka juu huku chini bado bichi. Turner alichanganya mafuta na vanishi ya ulimbo ili ipate kuganda upesi, akapaka tabaka juu ya tabaka. Nyingi zimepasuka. Na rangi nyingine alizozipenda, kama wekundu uliotokana na wadudu, zilikuwa za kufifia. Husimuliwa kwamba mwenye kiwanda cha rangi, William Winsor, alimlalamikia kwa kununua rangi zisizodumu, naye akamjibu kwamba kazi ya Winsor ni kutengeneza, ya kwake ni kutumia.

Tukiwa kwenye vanishi, pwani yetu imo. Sandarusi, ulimbo mgumu wa miti, iliyochimbwa ardhini kwenye mrima mkabala na Unguja ilisafirishwa karne ya 19 mpaka Salem, Marekani, na Ulaya, ikayeyushwa kwa mafuta ya kitani kuwa vanishi ngumu iliyosifika kwa jina la Zanzibar. Ile ya kuchimbwa waliitambua kwa vipele vyake, kama ngozi ya bata bukini aliyenyonyolewa. Na tangu mwaka 1968, Edward Saidi Tingatinga alipoanza Dar es Salaam kuchora ndege na wanyama kwa rangi za baiskeli kwenye vipande vya ubao wa dari, wachoraji waliofuata nyayo zake wanaijua vizuri adha ya kungoja: twiga kwanza, madoa yake kesho.

Turner alifariki mwaka 1851, na taifa likarithi picha za mafuta kama 300 na michoro na kazi za rangi ya maji karibu 30,000. Hapo tofauti ya rangi hizi mbili ikaonekana upya. Unga uliofungwa ndani ya mafuta magumu una ngao fulani. Unga uliolala juu ya karatasi kwa gundi kidogo tu uko uchi mbele ya mwanga, na mwanga unaula mwaka hadi mwaka. Mkusanyaji mmoja, Henry Vaughan, alilielewa hilo mapema. Mwaka 1900 kazi zake za Turner za rangi ya maji zilifika kwenye majumba ya sanaa ya taifa, 38 Edinburgh (Scotland) na 31 Dublin (Ireland), kwa sharti: zionyeshwe bure, na mwezi wa Januari tu, mwezi ambao kule jua ni dhaifu kabisa.

Sharti hilo limezaa matunda. Januari 2025, mwaka ambao Turner alitimiza miaka 250 tangu azaliwe, miji hiyo miwili ilibadilishana hazina zake kwa mara ya kwanza, na watu wakaona buluu ambayo bado ni buluu. Mwezi ulipokwisha, picha zikateremshwa ukutani na kurudishwa gizani.