Pakiti za Karanga Ni Dawa: Kwa Nini Mtoto Wako Hakupewa

Idara yetu ya lishe imekuwa ikipokea malalamiko kutoka mitaa ya Mathare, Mukuru na Kibera hapa Nairobi: mtoto wa jirani amepewa pakiti za karanga kliniki, yaani chakula-tiba cha watoto wenye utapiamlo, wangu amerudishwa mikono mitupu. Wengine wanadai zinatolewa kwa kujuana. Hapana. Zinatolewa kwa kipimo.

Mtoto wa miezi 6 hadi 59 hupimwa kwa utepe wenye rangi mzingo wa mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko, mkono ukiwa umelegea. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, yaani utapiamlo mkali. Kuanzia 11.5 hadi chini ya 12.5 ni njano, utapiamlo wa wastani. Kuanzia hapo ni kijani, yaani mkono uko sawa. Uzito nao hulinganishwa na urefu. Kisha muuguzi hubonyeza miguu yote miwili kwa sekunde tatu. Kishimo kikibaki kwa yote miwili, huo ni utapiamlo mkali hata kama utepe unasoma kijani. Bado tunaletewa watoto waliovimba ambao nyumbani walisifiwa kwamba wamenenepa. Ule si unene, ni maji, na mtoto huyo anaweza kufa. Asingoje tarehe ya kliniki.

Mwenye utapiamlo mkali hupewa pakiti aile mbele ya mhudumu. Akiikataa, au akiwa anatapika kila kitu au amelegea, hulazwa na kuanzishiwa maziwa maalum. Akila vizuri, hurudi nyumbani na mgao unaotegemea uzito wake, na hurudi kliniki kila wiki kupimwa. Pakiti moja ya gramu 92 ina kalori 500, na hesabu yake imepigwa kwa mtoto mmoja. Ukiwagawia ndugu zake au ukiuza kwa mwenye kioski, mkono wake hauongezeki, nasi tunaanza kumtafutia kifua kikuu na maradhi mengine huku tatizo ni dozi isiyomfikia. Tafadhalini, acheni.

Kuna jambo ambalo utepe hauoni, nalo ni kudumaa, yaani mtoto kuwa mfupi mno kwa umri wake. Mwaka 2014 asilimia 26 ya watoto wa Kenya walio chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa. Mwaka 2022 walikuwa asilimia 18. Tumepiga hatua, lakini hao bado ni karibu mmoja kati ya watano. Kudumaa hujulikana kwa kupima urefu, na wazazi wengi huacha kliniki baada ya chanjo ya surua ya miezi 18. Ukiuliza, unajibiwa kwamba ukoo wetu ni wafupi. Umepima lini?

Sidai kwamba yote ni juu ya mzazi. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa, na cha 53 kinampa kila mtoto haki ya lishe ya msingi. Tangu 2012 sheria inataka unga wa mahindi wa viwandani uongezwe madini ya chuma, zinki na vitamini. Unaosagwa kwenye posho mill ya mtaani kwa kawaida hauna nyongeza hiyo, na ndio unaoliwa na wengi wenye kipato kidogo. Hilo ni deni letu sisi wa serikali, si la mama anayefulia watu nguo.

Kupima urefu na uzito kunaendelea hadi miaka 5, hata chanjo zikiisha. Njooni na kitabu cha mama na mtoto. Kikipotea, mlete mtoto vivyo hivyo, apimwe.