Mwache ale mwenyewe: tiba kwa vitendo baada ya kiharusi

Muda ninaoupenda zaidi kuingia wodini ni ule wa chakula cha mchana, ndugu wakiwa wamefika na hotipoti zao. Wengine hushangaa, maana wamezoea kuona madaktari wakipita asubuhi. Mimi nataka nimkute mgonjwa na sahani mbele yake. Sahani ya wali na mchuzi inanionyesha mambo ambayo siyapati nikimwambia tu anyanyue mkono. Anaiona sahani nzima au nusu? Anakumbuka kijiko kinashikwaje? Anakaa wima bila kuegemea? Anameza bila kukohoa? Lakini mara nyingi sioni lolote kati ya hayo, kwa sababu kijiko kimeshikwa na mtu mwingine.

Mimi ni mtoa tiba kwa vitendo katika hospitali moja hapa Dar es Salaam, na nimebobea kwa wagonjwa wa ubongo na mishipa ya fahamu. Wengi wanaoletwa kwangu wamepata kiharusi. Ukichimba, mara nyingi unakuta shinikizo la damu ambalo halikuwahi kupimwa, au dawa zilizoachwa mtu alipojisikia nafuu. Daktari ameshapambania uhai. Mfiziotherapia anashughulika na nguvu za misuli, kusimama na kutembea. Mimi nauliza: tangu unaamka mpaka unalala ulikuwa unafanya nini, na sasa kipi kimekwama? Kisha tunakifanya hicho hicho kilichokwama, kipande kwa kipande, siku baada ya siku.

Kinachonipa kazi kubwa kuliko ugonjwa wenyewe ni upendo wa ndugu. Kwetu mgonjwa haachwi ahangaike. Mtoto anayemlisha mama yake, anayemvalisha na kumfuta mdomo, anafanya alichofunzwa tangu utotoni, na siwezi kumlaumu. Ila ubongo uliopoteza sehemu yake hujifunza upya kwa kurudiarudia tendo halisi, na kila tonge analolishwa ni zoezi moja limempita. Mkono usiotumika huzoea kutotumika. Mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Taub, aliliona hili kwa nyani waliokatwa mishipa ya hisia ya mkono mmoja: waliacha kabisa kuutumia, ingawa misuli yake ilikuwa bado inaweza kufanya kazi. Mkono mzima ulipofungwa, wakaanza kuutumia ule waliokuwa wameutelekeza. Kutoka hapo ikazaliwa tiba tunayoitumia kwa baadhi ya wagonjwa wa kiharusi, ya kuuzuia mkono mzima kwa saa kadhaa kwa siku ili ule dhaifu ulazimike kufanya kazi. Haimfai kila mtu. Lazima vidole na kifundo cha mkono viwe vinajikunjua angalau kidogo.

Kwa hiyo huwa namwambia binti aliyekaa pembeni ya kitanda: "Dada, leo weka mikono yako mapajani. Mama atamwaga, mchuzi utachafua shuka, tutabadilisha. Muda wa kula ukiwa nusu saa badala ya dakika kumi, ni sawa." Chini ya sahani tunatandika kitambaa kilicholowa ili isiteleze. Mpini wa kijiko tunaufunga mpira wa ndani wa baiskeli mpaka unenepe, maana kitu kinene hushikika kwa kiganja dhaifu. Na mama anakula. Inachosha kumtazama, najua. Wapo ndugu ambao hutoka nje kwanza.

Hilo lisieleweke kwamba mgonjwa akurupushwe. Utafiti mkubwa uitwao AVERT, uliochapishwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba kuwanyanyua wagonjwa mapema mno, ndani ya saa 24 za mwanzo, na kwa muda mrefu, kuliwapa matokeo mabaya kuliko huduma ya kawaida. Hali yake ikishatulia, vipindi vifupi vya mara kwa mara ndivyo vinavyofaa. Usimsimamishe mgonjwa wa jana kwa sababu jirani alisema asilale sana.

Kuna jambo ambalo vitabu vya fani yetu, vilivyoandikwa mbali na hapa, havinisaidii sana, nalo ni mkono wa kulia. Kiharusi kikipiga upande wa kushoto wa ubongo, upande wa kulia wa mwili ndio unaopooza, na mara nyingi maneno nayo hupotea. Kitabu kinasema mfundishe mgonjwa kutumia mkono wa kushoto. Sawa, lakini kwetu mkono wa kulia ndio wa kula, kusalimia na kupokea kitu, na wa kushoto ndio wa chooni. Nimemhudumia mzee aliyekataa chakula siku nzima, wauguzi wakadhani ni huzuni au shida ya kumeza. Alikuwa anaona haya. Hawezi, mbele ya wakwe zake, kula kwa mkono anaojisafishia, na kusema hilo hawezi kwa sababu maneno yamegoma. Tulilijua baada ya mkewe kutambua namna alivyokuwa akiuficha mkono chini ya shuka.

Hapo mazoezi ya vidole pekee hayatoshi. Tunapanga nyumbani kuwe na mpira wa maji wa kujisafishia ili mkono usiguse sana, sabuni iwe mahali panapofikika, na kijiko kishike nafasi ya vidole. Tunakaa na familia, watoto wakiwepo, tunasema wazi kwamba kwa baba mkono wa kushoto sasa ni wa kula. Kwa Waislamu nawashauri wamwite sheikh wa msikiti wao, kwa sababu neno lake lina uzito ambao langu halina: mgonjwa ana ruhusa ya kuswali akiwa amekaa, akishindwa aswali akiwa amelala ubavu. Baada ya hapo tunafanya mazoezi ya kutawadha kwa mkono mmoja na kopo lenye mdomo mwembamba. Nimeona watu wakianza kuamka kwa hamu siku walipojua kwamba swala wanaiweza tena.

Upande wa kulia wa ubongo ukipigwa, tatizo hujificha. Mgonjwa anaongea vizuri, anatania, ndugu wanashukuru kwamba amepona haraka. Kisha unaona amekula wali wa upande wa kulia wa sahani na kuacha wa kushoto, halafu analalamika njaa. Macho yake ni mazima. Ubongo ndio umeacha kuhesabu kwamba kushoto kupo. Ananyoa ndevu nusu, shati linaning'inia bega moja, gurudumu la kiti linagonga mlango. Nawaomba ndugu wakae upande huo wa kushoto, waongee kutoka huko, simu na maji viwekwe huko, ili ageuke. Na nawatahadharisha kuhusu barabara. Sisi tunaendesha kushoto. Anayevuka hukutana kwanza na magari yatokayo kulia, hayo atayaona. Akishapita katikati, bodaboda inatokea kushoto, na kwake kushoto hakuna kitu. Mtu wa namna hii asivuke Barabara ya Morogoro peke yake, hata kama anatembea vizuri.

Sasa bega. Bega la upande uliopooza hushikiliwa na misuli ambayo imelegea, hivyo mfupa wa mkono hushuka kidogo kutoka mahali pake. Ukimnyanyua mgonjwa kwa kumvuta mkono au kumshika kwapani, unaumiza bega ambalo litamsumbua kwa miezi, na bega linalouma humfanya mtu akatae kila zoezi. Mkono uwekwe juu ya mto. Ukimvalisha, anza na mkono dhaifu. Ukimvua, anza na ule mzima. Kuhusu kuchua: sina ugomvi na mafuta ya nazi na mkono mpole. Nina ugomvi na kuchua kwa nguvu mpaka mgonjwa alie, na ugomvi mkubwa zaidi na kukanda kwa maji ya moto. Ngozi iliyopoteza hisia haisemi kwamba inaungua. Nimepokea malengelenge ya kukandwa, mguu ambao haukuwa na kidonda hata kimoja siku alipotoka hospitali.

Maendeleo tunayapima kwa kipimo cha Barthel, kilichochapishwa mwaka 1965 na Florence Mahoney na Dorothea Barthel. Kina mambo 10, kama kula, kuoga, kwenda chooni na kupanda ngazi, na alama zake huanzia 0 hadi 100. Ni kipimo kizuri. Hata hivyo, mtu anaweza kupata 100 na bado asiweze kuendesha genge lake. Mama lishe wa Temeke anahitaji kukata vitunguu, kuhesabu chenji akiwa anaitwa huku na huku, kugeuza sufuria. Kwa vitunguu tunatumia kibao chenye misumari miwili isiyoshika kutu iliyochomoza juu: kitunguu kinachomekwa hapo, mkono mmoja unakata. Kukuna nazi kwenye mbuzi kwa mkono mmoja sijapata njia ninayoiamini, kwa hiyo nazi akune mtu mwingine. Chenji tunaifanyia mazoezi palepale wodini kwa sarafu halisi, huku redio ikiwa imewashwa.

Na nyumbani kwenyewe. Mwongozo wa njia ya mteremko kwa kiti cha magurudumu ni sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita 1 ya kimo. Ngazi ya baraza ya sentimita 15 inahitaji mteremko wa mita 1.8. Kwenye kichochoro cha Manzese urefu huo unaishia mlangoni kwa jirani. Pale namtafutia kiti chembamba, au tunahamisha kitanda kwenda chumba cha mbele, au tunafundisha vijana wawili wa nyumba namna ya kumshusha bila kujiumiza mgongo. Choo cha kuchuchumaa ndicho kinachowashinda wengi. Fundi wa kuchomelea wa mtaani anaweza kutengeneza kiti cha chuma chenye tundu, miguu ikiwa na soli za mpira, kikawekwa juu ya shimo. Kiti cha plastiki kilichokatwa tundu sikipendekezi, kwa sababu miguu yake hutanuka kwenye saruji yenye maji.

Kwa hiyo mkiambiwa mgonjwa wenu ataruhusiwa kesho, msianze na usafiri. Pigeni picha za mlango, choo, kitanda na jikoni kwa simu, mzilete wodini, na muulize kama mtoa tiba kwa vitendo ameshamwona. Kama bado, mwombeni daktari aandike rufaa kabla faili halijafungwa. Na anayekuja kukaa naye nyumbani, si yule anayekuja kumtembelea tu, ndiye awepo siku ya mafunzo.