Gundi ya meno bandia: tyubu moja hukuishia baada ya muda gani?

Bibi mmoja aliingia kliniki akiwa amebana pochi ndogo kifuani. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba, kisha kabla hajakaa vizuri akasema, "Mwanangu, haya meno yananiaibisha mbele za watu." Akafungua pochi, akatoa tyubu mbili za gundi ya meno bandia. Moja ilikuwa imekamuliwa mpaka imejikunja, ya pili imeshaanza kutumika. Mwanawe anayeishi Muscat humtumia boksi zima. Nikamuuliza ile iliyokwisha aliifungua lini. "Jumatatu ya wiki iliyopita." Na siku hiyo ilikuwa Jumanne.

Katika kazi hii ya meno bandia, hilo ndilo swali ninaloanza nalo kabla sijawasha taa. Tyubu ya gramu 68, kwa mtu mwenye seti kamili ya juu na chini, inatakiwa imfikishe wiki 7 hadi 8. Hayo ni makadirio ya mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, na yanalingana na ninayoyaona kwa wagonjwa ambao meno yao yanakaa vizuri. Ikikwisha kwa wiki moja, usitafute gundi kali zaidi. Meno yenyewe hayalingani tena na fizi.

Neno gundi, nadhani, ndilo linalotupotosha. Hii si gundi ya fundi seremala inayokauka na kushika. Chukua vipande viwili vya kioo, tia tone la maji katikati, kisha jaribu kuvitenganisha kwa kuvivuta. Meno ya juu hukaa kwa namna hiyohiyo: utando mwembamba wa mate kati ya plastiki na kaakaa, na kingo zinazozuia hewa isipenye. Krimu au unga wa kubandikia hunyonya mate, huvimba na kuyafanya mazito, kisha huziba nafasi ndogo zilizobaki. Nafasi ikiwa kubwa, gundi haina cha kushikilia. Itageuka mto laini ambao meno yanaogelea juu yake. Mgonjwa anaongeza, inamwagikia ulimini, anaongeza tena.

Na nafasi hiyo lazima ije, hata kama meno yalitengenezwa kwa ustadi. Jino likishang'olewa, mfupa uliolishika hauna kazi tena na huanza kupungua, kwa kasi zaidi katika miezi ya mwanzo, kisha polepole maisha yote. Utafiti mmoja maarufu uliochapishwa mwaka 1972, uliofuatilia watu kwa muda wa miaka 25, ulionyesha kuwa taya la chini hupungua takriban mara nne ya la juu. Ongeza hapo ulimi unaosukuma kila unapozungumza, utaelewa kwa nini karibu kila anayelalamika analalamikia meno ya chini. Meno ya yule bibi yalikuwa na umri wa miaka 11. Nilipoyaweka bila gundi na kumwomba ainue ulimi, ya chini yaliinuka nao.

Lakini kilichonifanya nimzuie kuitumia gundi ile siku hiyohiyo, kabla ya mambo ya mfupa, ni maandishi ya nyuma ya tyubu. Ilikuwa na zinki. Zinki kidogo haidhuru. Ikimezwa nyingi kila siku kwa muda mrefu, huuzuia mwili kupokea shaba, na mwili ukikosa shaba damu hupungua na mishipa ya fahamu huharibika. Mwaka 2008 madaktari wa Marekani walieleza habari za wagonjwa wanne waliokuwa wakimaliza tyubu mbili au zaidi kwa wiki. Walikuwa na ganzi, udhaifu wa viungo na shida ya kutembea. Madhara ya namna hii hayaondoki yote hata ukiacha. Mwaka 2010 mmoja wa watengenezaji wakubwa aliacha kuuza gundi zenye zinki, ila hiyo haina maana kwamba kila tyubu unayoletewa kutoka nje ni salama. Soma boksi. Likiwa limeandikwa "zinc-free", haina zinki. Lisipoorodhesha kilichomo, liache dukani. Na kama umetumia nyingi kwa miezi na sasa nyayo zinakufa ganzi, mwambie daktari habari ya gundi waziwazi, kwa sababu hatafikiria kukuuliza, hasa kama una kisukari; ganzi yote atailaumu sukari.

Kati ya krimu na unga, chagua kwa mahitaji yako. Unga ni mwepesi kusafisha na unawafaa ambao meno yao tayari yanakaa. Unanyunyiza kidogo kwenye meno yaliyolowa, unakung'uta unaozidi. Krimu hushika muda mrefu zaidi, na kwa meno ya chini mimi huipendelea.

Namna ya kuitumia krimu nitaieleza taratibu, maana hapa ndipo watu wengi wanakosea. Osha meno, kisha yakaushe kwa tishu. Krimu haishiki vizuri kwenye plastiki iliyolowa. Weka matone matatu au manne, kila moja lisizidi punje ya njegere: kwa ya juu, moja kila upande wa nyuma, moja mbele, moja katikati ya kaakaa. Kwa ya chini matatu yanatosha. Usipake mstari mzima kama dawa ya mswaki, na kaa mbali na kingo. Sukutua mdomo, vaa, bonyeza, uma kwa sekunde chache. Subiri dakika 5 kabla ya chai. Ikichuruzika pembeni umeweka nyingi, kesho punguza. Mara moja kwa siku inatosha.

Usiku yatoe. Sukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi ili gundi ilainike, kisha futa fizi na kaakaa kwa kitambaa laini kilicholowa mpaka utelezi uishe. Gundi ya jana ikiachwa chini ya meno ni makazi ya kuvu. Nimeona makaakaa mekundu kama nyama mbichi, na mwenyewe haumwi popote. Yasugue meno kwa brashi laini na sabuni ya vyombo, juu ya beseni lenye maji, yakiponyoka yasivunjike. Yalaze ndani ya maji baridi. Maji yanayochemka yanaipinda plastiki.

Na supaglu, jamani, hapana. Mzee mmoja aliyaunga meno yaliyokatika katikati kwa supaglu ya dukani. Vipande vilishika vikiwa vimepishana upana wa unywele, na upana huo ukamchubua ufizi mpaka kidonda. Vipande vikiletwa vyote viwili kama vilivyovunjika, fundi wa maabara huviunganisha. Vikishapakwa supaglu, mara nyingi ni kuanza upya.

Yule bibi tulimtengenezea seti mpya. Aliyevaa kwa miaka michache tu, mara nyingi humtosha kuongezewa tabaka jipya upande wa ndani, na gharama yake ni ndogo kuliko seti nzima. Aliniuliza kama bado anaruhusiwa gundi kidogo akienda harusini, ili acheke bila kuziba mdomo kwa mtandio. Nikamwambia anaruhusiwa, isiyo na zinki. Baada ya wiki 6 alirudi na tyubu yake kuniletea niione, bado ilikuwa zaidi ya nusu. Safari hii shida yake ilikuwa kashata za karanga. Nikamwambia azivunje vipande vidogo kwa mkono, aweke kimoja kila upande wa mdomo, atafune pande zote mbili kwa pamoja.