Kamba wa Bahari Kuu Hana Anwani ya Mita

Nimeulizwa tena, safari hii na mtu aliyesomea uvuvi: "Kamba huyu anaishi mita ngapi?" Ukimjibu 700, anaandika 700 kwenye jedwali na kufunga daftari. Jamani!

Nazungumzia kamba wa bahari kuu, wanaoishi katikati ya maji: Sergestes, Acanthephyra, Gennadas na jamaa zao. Si wa sakafuni. Hilo tulipite.

Hiyo 700 ni ya saa ngapi? Wengi wao mchana hujificha kwenye giza la mita 500 hadi 900, jua likizama wanapanda hadi mita 200 za juu kula kopepodi (vijidudu vya baharini), na kabla hakujapambazuka wanashuka tena. Mnyama wa urefu wa kidole! Na hawapandi wote: wengine wa spishi ileile hubaki chini, na wachanga mara nyingi hukaa juu kuliko wakubwa. Hymenodora, kamba wa kina kinachozidi mita 1,000, kwa kawaida hajisumbui kupanda.

Halafu, umemvua kwa wavu gani? Wavu usiofungika hushuka wazi, huvutwa, hupanda wazi. Kamba aliyenaswa mita 150 wakati wavu unarudi anafika sitahani na lebo ya mita 1,000. Rekodi za zamani zimejaa kamba wa aina hiyo na bado watu wanazinukuu. Ndiyo maana zikabuniwa nyavu za kufunguliwa na kufungwa kulekule chini, kama RMT na MOCNESS.

"Lakini si wamejaa huko?" Wapi! RMT 8 ina mdomo wa mita 8 za mraba. Ivute kilomita 4, umechuja mita za ujazo 32,000 hivi. Tunahesabu kamba kwa kila mita za ujazo 1,000, maana kwa mita moja tungeandika sufuri ukurasa mzima. Idadi ya spishi mara nyingi hufikia kilele karibu na mita 1,000, lakini uzito wa viumbe huzidi kupungua kadiri unavyoshuka. Aina nyingi si wanyama wengi, tafadhali.

Na hata hizo hesabu zetu zina walakini. Jumlisha kamba wa tabaka zote usiku, jumlisha wa mchana palepale: mara nyingi wa usiku wanazidi. Hawakuzaliwa magharibi. Mchana wanauona wavu, wanapiga mkia na kutoweka; wadogo nao hupenya matundu. Vipima mwangwi, vyombo vinavyotuma sauti majini na kusikiliza inavyorudi, havituokoi, kwa sababu samaki wenye kibofu cha hewa hurudisha mwangwi mkubwa kiasi kwamba kamba hasikiki. Wapo wanaozidisha ili kufidia waliotoroka, ila kizidishi hicho hubadilika kwa spishi, ukubwa na wavu. Mimi naiacha namba ilivyo na kuandika pembeni: "si chini ya".