Orka aliyezaliwa bwawani naye anaumia

“Huyu kazaliwa humuhumu, bahari haijui, atateseka na nini?” Mimi ni daktari wa mifugo, na kila nikizungumzia orka wa maonyesho, hao nyangumi wauaji, lazima atokee wa kuniambia hivyo, tena kwa uhakika kabisa. Si kweli, na inaniudhi kuliko dhana zote.

Kuzaliwa bwawani hakubadilishi mwili. Mapafu, misuli na ubongo ni vilevile vya orka wa bahari kuu, anayeweza kuogelea zaidi ya kilomita 100 kwa siku na kuzama mamia ya mita. Tazameni meno. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulihusu orka 29 wanaofugwa, wengi wao wazaliwa wa bwawani. Wote walikuwa na meno yaliyoharibika! Wanaguguna saruji na vyuma vya milango. Jino likivunjika linatobolewa, na tundu lile huoshwa kila siku lisitunge usaha. Orka mchanga Kyara alizaliwa Aprili 2017 San Antonio, kwenye bustani ya SeaWorld, kampuni ya Marekani ya maonyesho ya wanyama wa bahari, yenye mabustani pia Orlando na San Diego. Julai nimonia ikamuua. Kayla, mzaliwa wa bwawani pia, alikufa Orlando mwaka 2019 ana miaka 30, ilhali baharini wapo majike waliopita 80.

Halafu kuna mama. Kwenye pwani ya Kanada na jimbo la Washington, orka wanaokula samaki hawaachani na mama zao maisha yote, hata madume makubwa. Orka jike Takara alizaliwa SeaWorld San Diego, na mwaka 2004 akapelekwa Orlando. Mama yake, Kasatka, akaachwa. Anayesema mnyama hakosi asichokijua anieleze: mama yake hakumjua?

Pezi la mgongoni lililolala? Karibu madume wote wazima wa mabwawani wanalo. Baharini ni nadra.

Eti ni wauaji kwa asili? Hakuna kumbukumbu ya orka huru aliyeua mtu. Tilikum, orka dume aliyekamatwa Aisilandi mwaka 1983, alihusika na vifo vya watu watatu, vyote bwawani.

“Basi wafungulieni waende zao.” Hapo nawapinga hata wenzangu wapenda wanyama. Keiko, orka aliyekuwa akifugwa, aliachiwa mwaka 2002, akaogelea hadi Norwei, lakini hakuwahi kujiunga na kundi lolote. Alikufa Desemba 2003. Ninachokitaka ni ghuba zilizozungushiwa nyavu, zenye maji ya bahari na madaktari, na uzalishaji usimamishwe kila mahali kama SeaWorld walivyotangaza mwaka 2016.

Na msiniambie biashara itakufa. SeaWorld ya Abu Dhabi ilifunguliwa mwaka 2023 bila orka hata mmoja.

Orka ni wa jamii moja na pomboo wetu. Ukienda kuwatazama pomboo Kizimkazi, Zanzibar, patana na nahodha kabla hamjang'oa nanga: asiwakimbize, asiwakatie njia, na hakuna kuruka majini katikati ya kundi. Akikataa, tafuta boti nyingine.