Yeremia 29:11 haikuandikwa usiku wa mkesha

Kila tarehe 31 Desemba, daftari nyingi za malengo hufunguliwa kwa mstari huu: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana." Chini yake: kiwanja, gari, ndoa. Wengi tumeuzoea kama ahadi kwamba mwaka huu mambo yatanyooka.

Lakini ule ulikuwa waraka. Yeremia, akiwa Yerusalemu, aliwaandikia Wayahudi ambao mfalme Nebukadreza alikuwa amewahamishia Babeli. Mstari wa 10, ambao hauandikwi kwenye kalenda, unataja miaka 70 kabla ya kurudishwa kwao. Wazee waliousikia ukisomwa walijua watazikwa ugenini. Tena nabii mwingine, Hanania, alitangaza miaka 2 tu, na bila shaka huyo ndiye aliyependeza masikioni.

Basi wafanye nini? Mstari wa 5 unajibu: jengeni nyumba mkakae ndani yake, kapandeni bustani mkale matunda yake. Kisha waoe, wazae, na wauombee amani mji wa adui. Hayo nayo ni malengo, tena ya jembe na udongo. Mwenye daftari aanzie hapo, mistari sita kabla ya ule anaoupenda.